Barua Tisa na Mdomo wa Gunia

Mwanangu wa kike anataka kusomea shahada ya pili, mambo ya wadudu wanaoharibu nafaka ghalani. Fomu anayo, ila nafasi moja ilimkaa kooni: jina la profesa aliyekubali kumsimamia. Bila jina hilo fomu haipokelewi, na mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Aliandika barua tisa. Majuma mawili, kimya. Akawa anashika simu kama mgonjwa anavyoshika tumbo.

"Labda hawasomi barua, mama," akaniambia, amekalia robota langu la vitambaa.

"Inuka hapo, hizo ni sare za watu. Hebu nisomee moja."

Akasoma. Nilikuwa natia vifungo, nikasikiliza bila kuinua kichwa. Barua ya heshima, imejaa "kazi yako iliyotukuka."

"Na ya pili?"

"Ni ile ile. Nimebadilisha jina tu."

Mkono ukasimama. Nina miaka ishirini na sita kwenye cherehani, kumi na moja tangu baba yake atutoke, na mteja wa namna hiyo namjua akiwa bado mlangoni. Anakusifia ushonaji wako, na magauni matano yaliyotundikwa ukutani hajayatupia jicho. Sifa hizo ametoka kuzimwaga kwa fundi wa jirani.

"Huyo wa kwanza, kazi yake umeisoma?"

"Kichwa cha habari."

"Sasa iliyotukuka ni ipi?"

Akacheka kwa haya, akaitafuta kwenye simu, akanisomea kwa lugha ya watu. Profesa huyo, mwanamama, alijaza mahindi magunia sitini akayaweka ghala moja miezi sita. Nusu yakaingiwa na fukusi, nusu yakabaki salama. Kitambaa cha magunia kile kile. Sababu, ameandika, haijulikani.

"Midomo ya magunia ilishonwaje?"

"Hiyo haimo, mama."

"Tafuta."

Akapekua mpaka mwisho. "Wamesema yalishonwa. Basi."

"Kwa mkono au kwa mashine? Sindano ya gunia ya mkono inaacha tundu linalopitisha kichwa cha njiti ya kiberiti. Huyo fukusi wako ni mnene kuliko hapo?"

Akanitazama kana kwamba cherehani ndiyo iliyosema. "Si mnene," akajibu taratibu.

"Basi muulize profesa mwenyewe."

"Na zile sifa?"

"Toa."

"Zote?"

"Bakiza salamu."

Barua ikawa na mistari sita, akaituma. Nikaenda kusali. Sikumwomba Mungu yule mama akubali, nilimwomba aifungue tu.

Jumanne jibu likaja. Vibarua wawili ndio walioshona, mmoja kwa mkono, mwingine kwa mashine, na profesa hakuwa amelitazama hilo. "Andika jina langu kwenye fomu. Lakini siku ukija, njoo na jibu, usije na swali tupu. Na nani amekufundisha kuuliza hivi?"

"Nimwambie nani, mama?"

"Fundi cherehani. Kwamba ni mama yako, si lazima."

"Nitasema yote mawili."

Akaandika jina kwenye ile nafasi, herufi moja moja, ulimi nje kama alipokuwa darasa la kwanza. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikatoa magunia mawili matupu chini ya meza na sindano nene.

"Sogea," nikamwambia. "Nishikie mdomo."