Nyaya Zilizogusana

Kazini walimwita Fundi. Wifi yake, dada wa mumewe, walimwita Rula, kwa sababu mistari yake haikuwahi kupinda. Rula alikuwa mchoraji wa chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha simu na kompyuta: alipanga kwenye kompyuta nyaya nyembamba kuliko unywele, kisha kiwanda kikazitengeneza. Fundi ndiye aliyeitunza programu ya kuchorea. Kwa hiyo programu ilipojikokota, lawama zilimfuata hadi nyumbani, mezani, mbele ya watoto.

"Leo nimefungua mchoro, nikaenda kunywa chai, nimerudi bado unafunguka," Rula alisema. "Hivi kaka yangu alioa fundi au alioa kobe?"

Watoto walicheka. Fundi naye alicheka, ila maneno yale yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake akaanza kuichimba programu. Akagundua kwamba kila Rula aliposogeza mchoro kidogo, kompyuta ilichora upya nyaya zote, hata zile zilizo mbali kabisa na macho yake. Akaweka chujio: zichukuliwe zile tu zinazoonekana kwenye skrini. Programu ikawa nyepesi ajabu. Rula aliusogeza mchoro huku na huku kama mtoto aliyepewa baiskeli, na mkuu wa kitengo akaja kumpa Fundi mkono mbele ya wenzake.

Mtu mwingine angelala usingizi mnono. Fundi hakutulia. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Chakula cha mchana alikigusagusa tu. Kuna kitu kilimwasha na hakujua kiko wapi, mpaka alipomsikia Rula akiringia wenzake kwamba siku hizi hata ukaguzi ni kufumba na kufumbua.

Ukaguzi? Ile ilikuwa sehemu ya programu inayotafuta nyaya zilizogusana pasipotakiwa, na Fundi hakuwa ameigusa. Hizo mbio imezipata wapi? Alifungua maandishi ya programu akayafuata mstari kwa mstari. Ukaguzi ulichota nyaya palepale alipoweka chujio. Ulikuwa unatazama zile tu zilizo kwenye skrini. Nyingine zote ulizipita, kisha ukasema mambo shwari.

Alimwendea Rula nusu anakimbia.

"Wifi, mchoro uko wapi?"

"Nimeshamkabidhi mkuu, anautuma kiwandani sasa hivi." Rula alikuwa na mkoba begani, alikuwa anaanza likizo, aende kwa binti yake aliyejifungua. "Mbona umesawijika?"

"Ukaguzi wako haukukagua kitu. Nimeuharibu mimi, nilipoongeza mbio."

Rula alimtazama, akashusha mkoba, akatangulia kwenda ofisini kwa mkuu.

Mkuu aliwasikiliza mkono ukiwa juu ya kipanya cha kompyuta. "Kiwanda kinatusubiri," alisema. "Mna hakika kuna kosa?"

"Sina," Fundi alijibu. "Nina hakika tu kwamba hatujatazama."

Mkuu akauondoa mkono.

Fundi aliutoa ukaguzi kwenye chujio, wakauanzisha upya. Ulikwenda taratibu kama mzee anayepanda ngazi. Fundi alipiga miguu kutoka mlangoni hadi dirishani.

"Hebu kaa, unanitia kizunguzungu," Rula alisema.

Alikuwa hajakaa sawasawa alama nyekundu ilipotokea kwenye kona ya mchoro. Nyaya mbili zilikuwa zimegusana. Rula aliinama akazitazama.

"Hizi nilizisogeza leo asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa na haraka ya safari. Chipu zote zingetoka zimekufa."

Alimpigia binti yake simu kumwambia kwamba hatafika siku hiyo, akavuta kiti. Fundi alitaka kuomba radhi, lakini Rula alimkatiza: "Utaniomba baadaye. Sasa hivi niletee chai, halafu ukae hapa unitazamie."

Walifanya kazi bega kwa bega mpaka ukaguzi ukamalizika bila alama nyekundu, wakauendesha tena kwa kuwa hakuna aliyeuamini, na mchoro ukatumwa. Rula aliondoka na basi la asubuhi iliyofuata, akamwachia wifi yake salamu za nusu utani na nusu kisirani.

Mkuu alimwambia Fundi apumzike. Fundi aliitikia, akarudi mezani, akaanza kutafuta ni sehemu gani nyingine za programu zinazochota pale kwenye chujio. Kabla ya mchana alikuwa ameshaipata moja. Akakunja mikono ya shati, akaendelea kuchimba.