Wa Mwisho Hakosekani

Usiku wa jana niliota Wastani, yule wa alama za mtihani, amekuja shuleni kwetu, kwa miguu, amevaa suti.

Nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu darasa la saba, watoto thelathini na wanane. Mwalimu Mkuu Lugembe akamkaribisha kiti, Wastani akakataa. Akapanda juu ya vichwa vya watoto, akasimama. Hawakulia. Walikaza shingo tu, kama wabeba maji.

"Kuna mahali ninazama," akasema.

Alipozama palikuwa na Mbuke. Mbuke hutembea saa mbili kuja shule, hufika na njaa, na bado husoma kwa kufuata kidole. Mwaka huu ameanza kumaliza sentensi nzima. Hilo nalijua mimi. Kwenye karatasi za mkoa halina pa kuandikwa.

Mwalimu Mkuu akanikalisha kwenye kile kiti, akanikumbusha kwa upole kwamba mpango mpya wa shule zenye shida kama yetu unatulipa kwa ufaulu, yeye na mimi, na kwamba nyumba yangu inavuja masika ya pili haya. Hakuna anayefukuzwa, alisema. Unaandika tu "amehama" mbele ya jina.

Daftari la mahudhurio likakohoa mezani. "Tumia wino mwekundu," likasema. "Wa bluu huwa nausahau."

Nikaandika.

Mbuke akasimama, akachukua mfuko wake wa salfeti, akaingia ukutani pale rangi ilipobanduka. Ukuta ukafunga. Wastani akanyooka kidogo, na kiti changu kikapanda shibiri moja.

"Bado nazama."

Nikamwambia haiwezekani, wa mwisho ameshaondoka. Akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, wa mwisho hakosekani. Ukimtoa, anayemfuata anakuwa yeye."

Nikamwandika Ng'wandu, ambaye hukosa shule akichunga. Kisha aliyemfuata, kisha aliyemfuata huyo. Ukuta ulikuwa unafunguka hata kabla wino haujakauka. Kiti kilipanda mpaka bati likaniunguza utosi, na kutoka kule juu sikuona tena nyuso, niliona vichwa tu vikipungua.

Nachungulia chini. Darasa halipo. Niko jikoni kwa mama yake Mbuke, anasonga ugali. Ametenga sahani moja. Namuuliza Mbuke amehamia wapi.

"Mbuke yupi, mwalimu?"

"Mwanao."

"Mimi sijawahi kuzaa," anasema, bila hasira, na kuendelea kusonga. Lakini mgongoni amefunga mbeleko, ndani yake hamna kitu, na kwa mkono wa kushoto anakibembeleza hicho kisichokuwepo.

Nakimbilia mlangoni, na mlango unanitoa darasani. Amebaki mtoto mmoja, Shija, ambaye tangu la kwanza hajawahi kushindwa na mtu. Wastani amesimama juu ya kichwa chake, wima, ametoboa paa. Mia kwa mia. Mwalimu Mkuu anakunywa soda.

"Sasa Shija ndiye wa mwisho," linasema daftari.

"Madam, usiniandike," anasema Shija. "Mimi nimepata zote."

Namuuliza Wastani: akitoka huyu, anafuata nani? Wastani anainama kutoka juu ya paa na kutuhesabu tuliobaki. Bila Shija, tuko wawili. Mwalimu Mkuu anaweka soda chini.

"Mimi chuoni nilipata daraja la kwanza," anawahi kusema, na kalamu nyekundu iko mkononi mwake.

Nalinyakua daftari, nalamba kidole. Watoto wetu hawana vifutio; wakikosea hulowesha kidole kwa mate na kusugua mpaka karatasi itoboke, na mimi huwagombeza kila siku kwa hilo. Nasugua "amehama" ya Mbuke. Daftari linalia kama mbuzi. Karatasi inatoboka, na ndani ya tundu kuna vidole vitano, vya baridi. Navivuta. Kinatoka kiwiko, bega, uso uliojaa chokaa.

"Madam," ananong'ona Mbuke, "huko tuko wengi. Siyo wa shule hii tu."

Nahamia kwa Ng'wandu. Nasugua. Mate yananikauka mdomoni.

Nikaamka, kumekucha. Daftari lilikuwa mezani nilipoliacha jana, halina hata neno moja jekundu. Saa nne Mwalimu Mkuu atalitaka, likiwa na neno aliloniagiza jana mchana niliandike mbele ya jina la Mbuke. Nikahesabu majina: thelathini na manane. Nikajicheka.

Kisha nikaona, mbele ya jina la Mbuke, tundu dogo, kingo zake bado mbichi. Mbele ya jina la Ng'wandu karatasi ilikuwa imeanza tu kuchakaa, ikaishia hapo.

Nikanywa maji, kikombe kizima. Nikalamba kidole.