Mrija wa Kasiksi

"Sasa hii, citoyen artiste, inasema nini?" aliuliza papa Mushagalusa, akiwa ameinama juu ya nyungu nyeusi yenye midomo mitano, mikono ameikunja nyuma ya koti lake jipya la abacost.

"Ni Bukavu, papa," Bisimwa akajibu. "Rasi tano. Zote zinakunywa mu ziwa moja."

"Aa, baye basomaka! Na bibi yangu angepika maharagi mu mudomo gani?"

Ukumbi mzima ukacheka, na Agathe akacheka kuliko wote, kwa sababu yule mzee alikuwa baba yake na yule msanii alikuwa mchumba wake. Ndoa ilikuwa baada ya Pentekoste.

Ulikuwa mwaka ambao kila mtu alitakiwa kurudi kwenye asili na kuacha jina la Kizungu, angalau kwenye karatasi. Gérard alikuwa amelala Gérard akaamka Bisimwa, na juu ya mlango wa ukumbi waliandika kwa herufi nyekundu: UFINYANZI HALISI WA ZAÏRE. Walipomuuliza asili yake, alisema Nyantende, kwa watu wa vilima kama baba mkwe wake. Uongo ule ulimtoka kirahisi, kama salamu. Alizaliwa mbali na hapo, juu ya Bunyakiri, kwa Watwa wafinyanzi. Watu wa vilima walinunua nyungu za Watwa, wakapikia, wakahifadhia maji. Lakini mrija uliogusa mdomo wa Mutwa waliutupa. Mapadri walimchukua akiwa mdogo, wakamtia shuleni, na shule ikampeleka hadi Académie ya sanaa ya Kinshasa. Alimwambia Agathe kwamba wazazi wake wote wawili wamekufa. Baba alikuwa amekufa kweli. Mama yake aliuza nyungu soko la Kadutu.

"Ngoja kwanza," papa Mushagalusa akasema. Kidole chake gumba kilikuwa kikifuata mistari iliyozunguka shingo ya nyungu, ile inayoachwa na kamba ya nyasi inapoviringishwa juu ya udongo mbichi. "Mistari hii minaijua."

Bisimwa akakitazama kile kidole. Hakuwa amekusudia kuitia alama ile. Mkono wake uliisokota kamba namna ulivyofunzwa utotoni, kabla ya yeye kujua aibu ni nini.

"Si ni mistari ya nyungu yetu ya maji, papa?" Agathe akadakia. "Minaonaka hivyo tangu zamani. Ndiyo maana nilimuita yule maman wa Kadutu mwenye alituuzia ile nyungu akuje aone. Nilitaka kukushangaza, Bisi. Angalia, iko pale mulangoni."

Alikuwa pale. Alijifunga liputa lake, kitenge cha kwendea kanisani, na visigino vyake vilikuwa vyeupe kwa udongo uliokauka.

"Maman, karibu!" mzee akaita kwa sauti ya kutania. "Huyu mukubwa wa Kinshasa alijifunza kwako?"

Watu wakageuka. Bisimwa alikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa neno ambalo hata mtoto mchanga hulianza kabla ya mengine yote.

"Niliiga tu," akasema. "Niliona nyungu zake pale soko. Yeye simujui."

Mama yake alimtazama namna anavyotazama nyungu iliyotoka motoni, kichwa kimeinama kidogo, akisikiliza kama imepasuka.

"Ni kweli, papa," akasema. "Hatujuane. Mikono ya batu inafananaka." Kisha akacheka, kicheko chepesi, cha kumsaidia.

Kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kikaletwa. "Leo hakuna verre ya Wazungu!" mzee akatangaza. "Tunakunywa sawa bakubwa betu." Glasi zikabaki mezani; mrija ulikuwa mmoja. Ukatoka kinywani mwake ukaenda kwa mdogo wake, tonton Télesphore, na kutoka kwa tonton ukaja kwa Bisimwa, ungali na unyevu. Akanywa. Wakampigia makofi mkwe wao.

Tonton Télesphore akamimina kidogo ndani ya kopo la nyanya. Hakumpa yule mama mkononi. Aliliweka chini, hatua chache kutoka miguuni pake.

"Usikasirike, maman. Unajua desturi."

"Minajua, papa."

Aliliinua, akawapa mgongo, akanywa haraka kama mtu anayemeza dawa. Akalirudisha sakafuni, akapiga makofi mawili ya shukrani, akatoka. Mazungumzo hayakukatika hata kidogo. Papa Mushagalusa alikuwa tayari anamuuliza paroko, aliyekuwa kati ya wageni, tarehe ya ndoa.

Tonton akalisukuma kopo kwa ncha ya kiatu hadi karibu na mlango. "Lile tutalitupa," akasema.

Bisimwa akaenda, akainama, akaliokota. Kwenye ukingo palikuwa na alama ya kidole gumba, ya udongo wa kijivu, mbichi bado.

"We, mukwe, acha! Si ni ya ule Mutwa? Ulilewa na mrija mumoja tu?" Tonton alikuwa bado anacheka.

Bisimwa alirudi mezani, akakiinamisha kibuyu, akamimina ndani ya lile kopo. Sasa mazungumzo yalikatika.

"Bisi," Agathe akasema polepole. "Bisi, ule maman ni nani?"

Bisimwa alilishika kopo mbele ya kifua chake, kwa mikono miwili, ile alama ya kidole ikielekea mdomo wake. Povu likapanda, likaupita ukingo, likaanza kumtiririka kwenye vidole, kisha kiganjani, kisha likaingia ndani ya mkono wa abacost yake.