Nyayo za Mhandisi Adelard

Celestina alikuwa akimenya ndizi nyuma ya nyumba yake, kijijini Ihembe, mgeni alipoingia uani akiacha nyayo za mafuta ghafi. Akamwamkia shikamoo, akaomba radhi kwa kumchafulia ua. Aliitwa Adelard, mhandisi kutoka nchi inayoishi kwa kuuza mafuta; Kiswahili alikipata chuoni Dar es Salaam. Kwao, alieleza, waliokulia kwenye visima vya mafuta wote hutembea hivyo. Baba yake alizikwa miguu ikiwa bado inavuja. Sasa wizara ya kwao ilikuwa imemtuma ajifunze jinsi watu wanavyopikia gesi ya samadi.

Celestina akamletea beseni la maji na majivu anawe miguu, kisha akamwonyesha mtambo wake wa gesi, shimo lililofunikwa kando ya zizi la ng'ombe.

Adelard hakuwa mtu wa kusimama pembeni. Alivua koti, akakoroga kinyesi na maji kwa mikono mitupu, akauliza, akakosea, akarudia. Ila kila alipokanyaga kibanjani, kwenye shamba linalozunguka nyumba, migomba ilinyauka. Polikarpi, jirani mwenye bodaboda, akaja na dumu, akachota kwenye nyayo, akajaza tangi, pikipiki ikawaka. Kesho yake wakaja wengi. Walimsihi mgeni atembee tu mpaka barabarani na kurudi, kijiji kiage umaskini.

"Hata kwetu ilianza hivi hivi," Adelard akawaambia. "Tukaacha kulima."

Akarudi zizini. Kadiri alivyokoroga ndivyo nyayo zilivyopauka, hadi asubuhi moja zikawa za udongo mtupu. Polikarpi akaondoka na dumu lake bila kuaga. Celestina, ambaye si mwepesi wa kusifu, alipika ndizi kwa maharage juu ya moto wa gesi aliouwasha mgeni mwenyewe, akamwambia kwamba amelea watoto wengi na hajaona anayejifunza kama yeye.

Ndipo simu ya wizara ikalia. Bei ya mafuta imepanda, mradi umefutwa, arudi visimani. Alirudi, lakini miguu mikavu haikutakiwa kazini. Walimwachisha kazi, wakachimba visima vipya, wakaajiri vijana wanaovuja.

Baadaye alimpigia Celestina. Alikuwa amechimba shimo la mtambo nyuma ya nyumba ya mama yake, ila ng'ombe alikuwa naye mmoja tu.

"Wanasema nimerukwa na akili, mama."

"Huyo ng'ombe ana mimba?"

"Anayo."

"Basi lifunike shimo vizuri," Celestina akasema, "mvua isije ikaingia."