Wapiga Simu wa Ghorofa ya Juu

Pale redioni walimwita Masikio, na wala hakuwa na masikio makubwa. Sauti ikishapita kwake mara moja, haisahau tena. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za kipindi cha asubuhi: amuulize mpigaji jina na anakotoka, amwonye asimtukane mtu, kisha abonyeze swichi amrushe hewani. Alikuwa na miaka kumi na minne nyuma ya kioo kile, uso kwa uso na mtangazaji ambaye wasikilizaji walimbatiza jina la Mtetezi.

Kwake Mtetezi alikuwa zaidi ya mfanyakazi mwenzake. Mume wa Masikio alipofariki, ndugu wa marehemu waligombania kabati na kitanda kabla hata kaburi halijakauka. Mtetezi ndiye aliyesimama mlangoni akawaambia, "Kitu hakitoki humu." Tangu siku hiyo binti wa Masikio, aliyekuwa darasa la pili, akawa anamwita Mjomba. Na Mjomba hakuukimbia mzigo wa jina hilo. Alilipa ada mwaka baada ya mwaka mpaka binti akaingia chuo cha uuguzi.

Mwaka ule kulikuwa na muswada bungeni. Ungewalazimisha wagombea kutaja hadharani ni nani anayewapa fedha za kampeni, na ungeweka kikomo cha kiasi ambacho mtu au kampuni moja inaweza kutoa. Mtetezi alikuwa ameupigia debe kwa miaka. "Mbunge aliyenunuliwa magari ya kampeni na mkandarasi," alikuwa akisema hewani, "siku barabara ikibomoka atamuuliza nani?" Masikio alikuwa akimsikiliza na kifua kinajaa fahari, kama vile maneno ni yake.

Wiki mbili kabla ya kura, simu zikageuka. Akapiga mwalimu mstaafu, akasema muswada utamwumiza mgombea maskini asiye na tajiri wa kumshika mkono. Kesho yake akapiga muuza nguo, naye akaimba wimbo ule ule. Siku ya tatu alipokuja mkulima, Masikio akavua kipokea sauti akakitazama. Mwalimu, muuza nguo na mkulima walikuwa na koo moja. Kila mmoja alivuta pumzi kidogo kabla ya neno "wananchi", kama mtu anayetaka kuruka mfereji.

Kipindi kilipoisha alimwambia Mtetezi.

"Dada yangu," Mtetezi akacheka, "watu wanafanana sura, itakuwa sauti? Umechoka wewe. Omba likizo."

Akacheka naye. Angemshuku vipi mtu aliyemlea mwanawe?

Jumatatu, siku tatu kabla ya kura, alimrusha hewani fundi seremala mmoja. Alikuwa amevaa kipokea sauti sikio moja tu, kama kawaida yake. Mara mfanyausafi akaangusha ndoo ya chuma kwenye ngazi za juu, na kishindo kikamfikia Masikio mara mbili. Sikio la kushoto lilikisikia kikitoka ngazini. La kulia lilikisikia kikitoka ndani ya simu ya seremala.

Akainuka. Mtetezi alimwona kupitia kioo, akanyanyua nyusi, lakini alikuwa hewani na hakuweza kumwita.

Ghorofa ya juu kulikuwa na ofisi ya matangazo ya biashara. Akasukuma mlango. Vijana watatu walikaa kuzunguka meza, kila mmoja na simu yake na karatasi. Dirishani alisimama mzee mwenye ndevu za mvi, mwigizaji wa zamani wa michezo ya redio, akizungumza kwa uchungu wa seremala asiye na mbao. Alipomwona Masikio aliziba simu kwa kiganja, akamnong'oneza kwa adabu kabisa:

"Samahani dada, niko hewani."

Masikio akachukua karatasi moja mezani. Mwandiko aliujua kuliko wa mwanawe. Herufi zililala upande kama nyasi baada ya mvua, na juu ya maneno kulikuwa na alama ndogo za wino mwekundu: hapa vuta pumzi. Alama moja ilikuwa kabla ya "wananchi".

Walikutana kwenye chumba cha chai. Mtetezi aliiona karatasi mkononi mwake na hakujisumbua kukana.

"Redio ilikuwa inafungwa," alisema akikoroga chai isiyo na sukari. "Mishahara ya miezi mitano hii unadhani imetoka wapi?"

"Kwa nani?"

"Kwa watu wasiotaka kutajwa majina."

"Ndiyo maana hawautaki muswada."

"Na ada ya mwanao mwaka huu?" Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ile ya asubuhi. "Nayo utairudisha?"

Masikio akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Akashika ukingo wa sinki.

"Kumbe mimi ndiye kipofu," alisema. "Miaka yote tumekula sahani moja, na sikuona mkono wako wa pili umeshika nini."

"Usiseme hivyo. Wewe ni ndugu yangu."

"Nani kakwambia ndugu hauzi ndugu?"

Siku mbili alikuja kazini kama kawaida, akapokea simu kama kawaida. Wale wa juu hakuwarusha. Alisema laini ni mbovu. Asubuhi ya siku iliyotangulia kura, dakika za mwisho za kipindi, Mtetezi aliinamia kipaza sauti: "Tuna nafasi ya mpigaji mmoja. Karibu, jina lako na unakotoka."

"Naitwa Masikio," sauti ikasema. "Napokea simu za kipindi hiki."

Mtetezi akainua kichwa. Walitazamana kupitia kioo.

"Wale waliopiga wiki mbili hizi kuupinga muswada ni watu wanne wamekaa ghorofa ya juu ya jengo hili. Wanasoma karatasi walizoandikiwa na mtangazaji wenu, kwa fedha za wafadhili wa wagombea. Mimi mwenyewe nimewarusha hewani bila kujua, naombeni mnisamehe. Karatasi moja ninayo hapa..."

Fundi mitambo akakata laini. Sekunde kama tatu hivi redio ilikuwa kimya, na kwa sekunde hizo Masikio aliamini kwamba Mtetezi atasema kweli. Alimwona akifumba macho.

"Ndugu wasikilizaji," Mtetezi akasema, na sauti yake ikatetemeka kwa namna ambayo ingemliza hata jiwe, "huyu ni dada yetu. Alifiwa na mume, na tangu hapo hajawa sawa. Sisi hapa tumemsitiri miaka yote. Naomba mumwombee."

Wakamwombea. Mpaka saa nne simu ya kipindi ilikuwa imejaa ujumbe: pole mama, Mungu akuponye. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za karatasi. Saa tano akapewa barua ya kuachishwa kazi, na kesho yake muswada ukaanguka kwa tofauti ya kura kumi na moja. Magazeti yaliandika kwamba wananchi wenyewe waliukataa, na ushahidi uliotajwa ni simu za kipindi cha asubuhi.

Binti alifika jioni kutoka chuoni. Alisimama mlangoni na begi begani.

"Mama, Mjomba amenipigia. Anasema unaumwa."

"Na wewe unaonaje?"

Binti akatazama kamba ya begi lake. Kule kutazama pembeni kulimchoma Masikio kuliko barua ya kazi. Akamketisha, akamwekea karatasi mkononi. Mjomba ndiye aliyemfundisha binti huyo kuandika, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa mwandiko ni wa nani. Akasoma mpaka mwisho, kisha akafuta machozi yaliyodondokea karatasi.

"Basi mimi chuo sirudi."

"Utarudi. Kwa jasho langu, hata kama itachukua miaka sita."

Jumatatu iliyofuata Masikio alikwenda kwenye baraza la malalamiko ya utangazaji. Karani akampa fomu, akamwambia ajaze kwa herufi kubwa. Aliandika tarehe, saa, na wale wapigaji wanne, mwalimu, muuza nguo, mkulima na seremala, waliokuwa mtu mmoja. Alipofika kwenye mstari wa *uhusiano wako na mlalamikiwa*, kalamu ikasimama. Watu wawili waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walihudumiwa wakaondoka.

"Mama, mbona hapo ni rahisi tu?" karani akasema. "Andika mlifanya kazi pamoja."

Akaandika hivyo, akaambatanisha karatasi, akasukuma fomu chini ya dirisha.