Boti ya Kuishi

Consolata aliweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Dalali alikuwa amewaambia kwamba boti ile nyeupe ilikuwa imefungwa hapo Raskazone, Tanga, tangu Jumapili bila kuguswa. Chuma kilikuwa cha moto.

"Umeiwasha leo?" akauliza kutoka chini.

Dalali, Robert, alikuwa juu kwenye sebule ya boti akimwonyesha Hosea, mume wa Consolata, jokofu. Hakugeuka. "Mkuu," alimwambia Hosea, "hapa mama atapika pilau huku mnaelekea Pemba. Jiko la gesi, oveni, sinki mbili. Nini tena?"

"Nimeuliza kama umeiwasha leo."

"Hapana, mama. Ilikuwa inawangoja nyinyi."

Consolata alipiga magoti kando ya injini. Baba yake aliletwa kutoka Songea kukata mkonge, na yeye alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi upande wa Muheza. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa dizeli katika kiwanda cha shamba hilohilo, mwanamke pekee kati ya wanaume, mpaka kiwanda kilipofungwa. Sasa wavuvi walimletea injini zao uani kwake Ngamiani, na walimletea kwa sababu zikitoka kwake zilikuwa zinawaka.

Hosea alikuwa Mshambaa wa Lushoto, mtengeneza miwani. Kwa miaka mingi mke na mume walizunguka vijiji vya pwani, kutoka Moa hadi Mkwaja, kila mtu na begi lake: huyu na sanduku la vioo, huyu na spana. Wiki nyingine walipishana barabarani, mmoja akienda, mwingine akirudi, na binti yao Precious akalala kwa shangazi yake. Mwaka huo wakasema basi. Waliuza kiwanja chao cha Pongwe ili wanunue boti ya mtumba yenye injini, vitanda na jiko, waishi humo wote watatu. Siku za shule ingetia nanga Tanga. Likizo ikianza, wangeondoka pamoja, na kazi zao zote mbili zikiwa humohumo ndani.

Alifunua ubao mwingine wa sakafu, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imegeuka rangi, imekuwa kama chai ya maziwa.

"Kuna maji ndani ya oili," alisema.

Robert alishuka ngazi sasa, akitabasamu. "Unyevu wa bahari tu huo, mama."

"Basi tuiache ipoe; injini mbovu huwashwa mapema ili isisumbue mbele ya mteja. Tutarudi saa kumi tuiwashe ikiwa baridi. Halafu tutoke nayo mpaka nje ya bandari."

"Mama, hii si mashine ya mkonge. Hii ni boti ya starehe. Na kuna mteja wa Dar anakuja kesho."

"Mwache aje."

Hosea alimshika mkono akampeleka mbele ya boti, penye upepo. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama Precious, unanitia aibu. Nimeshampa mtu mkono."

"Ulimpa mkono kabla mimi sijaweka wangu kwenye injini."

"Umeona kile kitanda cha mtoto? Umeona dirisha lake?"

"Nimeona. Kitanda hakisukumi boti." Akavaa viatu vyake, akashuka gatini. Hosea alibaki kidogo akiongea na Robert, akamkuta mkewe barabarani. Walipanda bajaji kurudi Ngamiani.

Jumamosi dada yake Hosea alikuja Ngamiani, akaita kikao. Elizabeti ndiye aliyemlea Hosea baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyekuwa akimlaza Precious wazazi wanaposafiri, kwa hiyo alipoita, watu waliitika. Alikaa kwenye kochi, mkoba mapajani.

"Shikamoo, wifi," Consolata alimsalimu.

"Marahaba. Kaa." Akamtazama mdogo wake kwanza, kisha mke wa mdogo wake. "Sisi ni watu wa milimani. Kwetu mtu akiona maji mengi, anatafuta daraja. Nyinyi mmeuza kiwanja. Kiwanja hakizami."

"Hakizami," Consolata alisema, "wala hakiendi Moa."

"Mwanamke gani anamlaza mtoto wake juu ya maji?"

"Mimi."

Hosea alikohoa. Elizabeti aliinua kidole. "Haya. Kama ni lazima muwe wendawazimu, basi angalau muwe wendawazimu wa ile yenye oveni. Hosea ameniambia. Boti safi, nyeupe, mtu unaweza hata kumwalika mchungaji. Wewe ukamdhalilisha mumeo mbele ya dalali kwa sababu ya oili."

Consolata alikuwa amejiambia asubuhi kwamba hatapandisha sauti, na hakuipandisha. "Wifi, nilizaliwa katika chumba kimoja cha kambi, watu saba, nyumba ya tajiri. Alipofunga kiwanda alituandikia barua, tukatoka wote, na mama yangu mgonjwa juu ya mkokoteni. Nimekuheshimu siku zote na nitakuheshimu leo. Lakini nyumba ninayoitaka ni ile ambayo ikibidi iondoke mahali, nang'oa nanga mwenyewe. Na sitanunua nyumba ambayo moyo wake mbovu eti kwa kuwa ina oveni. Nitanunua boti. Kama si hiyo, nyingine."

Precious, aliyekuwa mlangoni na sinia la vikombe, alisema, "Mimi nilipenda ile ya oveni, baba alivyonisimulia." Akafikiri. "Lakini mama akisema injini mbovu, ni mbovu."

Elizabeti alinyanyuka bila kunywa chai. "Mimi sitatia mguu humo," alisema. "Mniandike hivyo."

Usiku Hosea aligeukia ukutani akalala.

Wiki iliyofuata mvuvi mmoja alileta pampu itengenezwe, na katika mazungumzo akamtajia Consolata mjane wa Kipemba aliyehamia Mkwaja kwa binti yake, na boti aliyokuwa nayo. Consolata alimwambia Hosea atakwenda kuiona. Hakumwomba wafuatane. Alfajiri alipotoka alimkuta ameketi barazani amevaa viatu, na Precious pembeni yake.

Boti ilikuwa huko Mkwaja kwenye mkondo wa bahari, imeegemezwa magogo, maji yakiwa yamekupwa. Ilikuwa ya mbao, ndefu, rangi ya kijani imechujuka, na kibanda chake cha usukani kilifanana na kioski cha vocha. Nyuma iliandikwa kwa herufi kubwa: SEMENI MCHOKE.

Mwenyewe aliwangoja chini ya ngazi, mwanamke mfupi, mkavu, kipande cha chaki mkononi. "Mimi Mwanakhamis," alisema baada ya kuitikia shikamoo zao. "Hii kaiunda marehemu mume wangu, Haji, huko Wete. Tumeishi humu miaka kumi na mitano, tukichukua karafuu na mchele. Watoto wangu wawili nimewazaa humu. Sasa mwanangu Mundhir kapata mtu anayetaka injini tu, mwili uchanjwe kuni. Nimemwambia mie bado sijafa. Pandeni. Kila penye ila nimetia chaki, asije mtu akanitukana baadaye."

Walihesabu alama kumi na moja. Dirisha linalovuja. Bomba la choo. Ubao wa deki uliopasuka. Pampu ya kutolea maji, ambayo ilifanya kazi ikipigwa teke. Vitanda vilikuwa vinne, vyembamba, jiko la plati mbili, na Hosea aligonga kichwa mara mbili kabla ya kujifunza kuinama. Oveni haikuwepo.

Consolata alianzia omo, mbele ya boti, na nyundo yake ya mbao, akigonga ubao kwa ubao, sikio karibu. Mbao nzima hulia. Alikwenda hivyo karibu saa nzima, mpaka alipofika tezi, nyuma kabisa, chini karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, na nyundo ikatoa sauti ya kufa. Akagonga tena.

"Bibi, hapa hujatia chaki."

"Hapo pazima."

"Njoo usikilize."

Mwanakhamis hakusogea. "Ubao huo kautia Haji kwa mkono wake. Unamwita marehemu mwongo?"

Hosea alimtazama mkewe kwa macho ya kumsihi. Consolata alifuta jasho. "Simwiti mwongo, bibi. Nasema ubao umeoza. Nimewaambia watu wakubwa kwako na wadogo kwako, na wewe nakwambia vilevile."

Mwanakhamis aliinyakua nyundo. Aligonga hapa, akagonga pale, akarudi hapa. Kisha aliomba kisu, akakichomeka. Kiliingia kama kwenye muhogo uliochemshwa. Alikaa juu ya gogo, kisu mkononi. Alipoinuka, alichora alama mwenyewe, kubwa kuliko zote.

"Kumi na mbili," alisema. "Miaka mitatu watu wanakuja kuitazama. Wote wanaanza na godoro."

Maji yalipojaa na boti ikaelea, aliwaambia washike injini. Hosea ndiye aliyeinama, akaweka mkono wake. "Baridi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwambia mkewe jambo jingine. Ikawaka walipojaribu mara ya pili, ikatoa moshi mweusi kidogo, moshi ukaisha. Mwanakhamis alikuwa akiiwasha kila Jumatatu kwa miaka yote hiyo. Consolata alishika usukani hadi nje ya mkondo, akaipa boti mwendo wote, akaupunguza, akaigeuza, akasikiliza gia. Alifungua oili ikiwa moto. Ilikuwa nyeusi, bila tone la maji.

"Nyie mnaitakia nini?" Mwanakhamis aliuliza waliporudi.

"Kuishi," alisema Consolata.

"Na watu wakisema?"

"Wameshaanza."

Mwanakhamis alicheka kwa mara ya kwanza, akaonyesha jina lililoandikwa nyuma. Walikubaliana bei, pungufu kwa gharama ya ule ubao mmoja.

Hosea alikwenda mwenyewe kwa Robert kumwambia hawaichukui ile nyeupe. Consolata hakumtuma. Robert alimsikiliza, akatikisa kichwa. "Kwa hiyo umemfuata mkeo."

"Nimemfuata fundi," Hosea alijibu. "Kama naye ni mke wangu, bahati yangu." Boti nyeupe ilinunuliwa baadaye na mtu wa Dar es Salaam. Kama ilimfikisha ama haikumfikisha, Consolata hakuuliza.

Mafundi wa Mkwaja walibadilisha ubao na kutia kalafati mpya ya kuziba nyufa, kazi ya miezi miwili. Mkaguzi wa vyombo alikuja, akagonga, akaandika, akaipitisha. Walisafiri kuelekea Tanga na Mwanakhamis ndani, akiwaonyesha penye miamba, na kila alipoulizwa kama amechoka alisema waulizwe wale wanaosema. Ngamiani waliacha ua wa gereji na duka la miwani tu. Chumba cha kulala walikirudisha kwa mwenye nyumba. Wiki ya kwanza Precious alipeleka shuleni habari kwamba kwao mtu akitaka kumwaga maji ya vyombo anatazama kwanza upepo.

Elizabeti alikuja ufukweni siku moja, akasimama mbali na mawimbi, akaitazama boti kuanzia juu mpaka chini. Consolata alimpelekea kiti na chai hukohuko mchangani. Walizungumza habari za harusi ya Lushoto na bei ya viazi. Hakuombwa apande, naye hakupanda.

Likizo ya Desemba waliondoka kwenda Moa. Nje ya bandari bahari ilikuwa imechafuka kidogo, na hapo ndipo Hosea alipotambua kwamba tumbo lake halikushirikishwa katika mipango yote ile. Alitapika mara ya kwanza kabla Tanga haijapotea machoni. Alitapika ya pili. Mara ya tatu Consolata alipunguza mwendo. "Baba Precious, tukurudishe? Utapanda basi, utatukuta Moa."

"Basi?" Hosea alishika ukingo kwa mikono miwili, uso umekuwa rangi ya majivu. "Nimeuza kiwanja nipande basi? Nitatapika mpaka nizoee. Endesha."

Wakati huohuo simu yake ikalia. Alikuwa Elizabeti.

"Mnaendeleaje huko?" sauti yake ilisikika mpaka kwenye usukani.

Hosea alijifuta mdomo kwa mkono wa shati, akameza mate, akanyoosha mgongo. "Vizuri sana, dada," alisema. "Ndiyo tunakula."

Consolata alicheka mpaka Precious akaja kumsaidia kushika usukani. Kisha akaongeza mwendo.