Sifuri ya Mama Roda

"Jina langu liko wapi, mwanangu?" Mama Roda aliuliza, ameinamia kompyuta mpaka kilemba chake kikagusa kioo.

Hadijah, mtunza hesabu za kikundi, akateremsha orodha, akaipandisha tena. Lo! Wanachama wote wa kikundi cha kuku wa kienyeji pale Butere walikuwamo, kila mmoja na mara alizoleta mayai tangu mvua zianze. Mama Roda hayumo. Na nje mkutano ulikuwa unaanza. Hapa kwao mwenyekiti husoma majina kwa sauti, na ambaye hakusomwa huhesabiwa ametoka kikundini. Zamu yake ya jogoo wa kikundi hupewa mwingine. Wiki hii zamu ilikuwa ya Mama Roda, na jogoo mwenyewe alikuwa mlangoni ndani ya tenga, anawika kama mwenye nyumba.

"Uliacha kuleta mayai, Mama?"

"Ningeleta yapi? Kicheche alinimalizia kuku wote. Nimebaki na tembe watatu, hata hawajaanza kutaga. Wakitaga bila jogoo nitatotoa nini? Nikikosa zamu leo, basi tena."

Hadijah akajisikia vibaya, maana kosa lilikuwa lake. Aliunganisha jedwali la wanachama na jedwali la mayai, akakusanya mistari ya kila mama pamoja, akaiambia kompyuta ihesabu. Nayo, kwa utiifu wake wa kijinga, ikachukua waliomo kwenye majedwali yote mawili tu. Asiyeleta yai hana mstari upande wa pili, basi ikamtupa nje. Astaghfirullah!

"Hadijah! Tunakungoja!" aliita Jescah, mwenyekiti.

"Nakuja, Mama!"

Vidole vikakimbia. Akaiagiza kompyuta ishike wanachama wote kwanza, wawe na mayai au wasiwe nayo. Jina likatokea, naye akapiga kofi kwa furaha. "Huyu hapa! Roda, mara moja."

"Mara moja?" Mama Roda akakunja uso. "Lini? Mimi sikuleta hata yai. Toa hiyo."

"Wacha tu ikae, Mama. Nani atajua?"

"Tembe wangu watajua."

Hadijah akacheka mpaka akafuta macho. Kumbe kompyuta ilihesabu ule mstari wenye jina lake, ingawa upande wa mayai ulikuwa mtupu. Akaiambia ihesabu safari za mayai, si mistari. Kisha akachapisha karatasi na kutoka nayo mbio.

Jescah alisoma jina baada ya jina, makofi yakilia. Likafika la mwisho.

"Roda." Akasita, akaisogeza karatasi karibu na macho. "Sifuri."

"Niko!" Mama Roda alisimama wima, mkono juu.

Vigelegele vikalipuka, mwenyekiti naye akapiga chake. Kabla havijaisha, Mama Roda alikwisha shika njia ya nyumbani, tenga kichwani, na jogoo ametoa shingo nje, anawika mpaka kwenye kona.